Posada ya Kimyakimya

Shoga, nimeishiwa maneno!

Wakili wa parokia, Bwana Treviño, katupiga marufuku kuwaimbia Yosefu na Maria "karibuni ndani" kwenye posada ya Krismasi, lile igizo la kuomba malazi mlangoni. Eti tutakuwa tunachochea wahamiaji haramu.

Yosefu! Mhamiaji haramu!

Basi Yosefu wetu, Chuy wa gereji, ambaye kweli hana karatasi za kuishi nchini, kasimama mlangoni na Maria wake juu ya punda, anaimba kuomba hifadhi. Ndani kimya. Baridi inamtafuna, sisi tunaangalia viatu vyetu.

Bibi Eulalia, aliyepika tamale za mahindi na nyama, akaenda kufungua mlango.

"Mama, usimkaribishe!" wakili akapiga kelele.

"Nani kamkaribisha? Mimi nasema tu tamale zinapoa."

Tamale zinapoa! Wakili kabaki anatafuta kifungu cha sheria.

Punda wa Maria ndiye aliyeielewa sheria kwanza. Kaingia.