Injinia Amekataa Msingi Wangu

Alhamisi. Mawingu yamejipanga juu ya Gilgil tangu asubuhi lakini hayajamwaga kitu. Upepo ni ule wetu wa kuiba kofia. Nimekaa juu ya marobota yangu kama chifu barazani, simu mkononi, na roho imetulia kuliko nilivyotarajia.

Kwa wageni wa blogu hii (karibuni, mna bahati): mimi ndiye yule kijana anayemjengea mathe wake, yaani mama, nyumba ya majani. Tulia, usicheke bado. Si paa la nyasi. Kuta zenyewe ndizo majani. Unachukua majani makavu ya ngano, yale yanayobaki shambani mashine ikishavuna, unayakaza kwa kamba yawe marobota, unayapanga kama matofali, unayabana, kisha unapaka udongo mzito ndani na nje. Nyumba inashika joto kama blanketi. Nilijifunza kwa mjengo wa tajiri mmoja kule Kamere, kando ya ziwa. Niliingia pale kama mbeba maji, nikatoka nikiwaelekeza mafundi.

Ndiyo, najisifu. Unataka nimngoje nani anisifu?

Shule niliachia kidato cha pili. Mimi na hesabu za pembetatu tulikosana mapema na hakuna aliyeomba msamaha. Lakini angalia nani anajenga na nani anatafuta kazi na vyeti kwa bahasha. Si ninyi, marafiki zangu wa darasani. Ninyi nawapenda.

Mathe analala kwa nyumba ya mabati. Asiyejua baridi ya huku mwezi wa saba aje alale siku moja, asubuhi atatusalimia kwa meno. Kifua chake hufunga kabisa. Mwaka jana alilazwa, na daktari akamwambia akae mbali na baridi, kana kwamba baridi ni jirani unayeweza kumhama. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mwezi wa saba mwingine hautamkuta kwa mabati.

Nilisema. Mbele ya watu.

Na mvua ndiyo hii inakuja. Robota likinyeshewa kabla halijapakwa udongo, hilo si ukuta tena, ni mbolea. Kwa hivyo yote yako chini ya turubai, na mimi niko juu ya turubai nikilinda upepo usilibebe.

Msingi ulikuwa tayari. Mahali nilichagua mwenyewe, pale juu karibu na barabara, wapitaji waone na waumie roho. Lakini sababu kubwa ilikuwa akili. Mvua ikinyesha, shamba letu lote linakuwa matope ya kula viatu, isipokuwa pale. Pale, kabla hujamaliza kutafuta buti zako za gamboti, pameshakauka. Adui wa nyumba ya majani ni maji, sivyo? Basi nikachagua pakavu. Nilijiona mjanja hadi nikajihurumia kwa kukosa mtu wa kuongea naye wa kiwango changu.

Akina mama wa kanisa walitupa siku yao. Walitoa mawe korongoni, kila mmoja na mzigo wake mgongoni na kamba ikipita kwenye paji la uso, wanaimba, wanataniana, mathe anapika githeri ya sufuria kubwa. Jioni mtaro wote wa msingi ulikuwa umejaa mawe. Mimi siku hiyo nilikuwa nasimamia. Kusimamia pia ni kazi.

Ikabaki karatasi. Kaunti wanataka injinia wa majengo atie sahihi michoro, na zaidi kwa nyumba kama hii ambayo hata kule ofisini waliitazama kama mnyama mgeni. Kwangu mimi injinia alikuwa muhuri uliovaa viatu. Nilitafuta muhuri.

Wa kwanza tuliongea kwa simu. Akacheka: "Nyumba ya nyasi? Ng'ombe wakikosa chakula si watakula sebule?" Kisha akasema nitume picha tu, muhuri utakuwa tayari, hana haja ya kuja mpaka huku. Nilimpenda papo hapo.

Mathe alikuwa ananisikiliza.

"Huyo haji?"

"Hana haja, mathe. Ni mambo ya ofisi."

"Mtu wa kuweka jina lake juu ya kichwa changu nikilala, lazima nimpikie chai kwanza nimwangalie. Tafuta mwingine."

Ndivyo nilivyompata Injinia Balwant. Jina lake nilipewa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Lanet, akaniambia huyo mzee hukubali kazi za ajabu. Ni Kalasinga wa Nakuru mjini, kilemba cha bluu, gamboti za matope ya kweli, na Kiswahili chake ni cha soko la Nakuru kuliko changu. Amekuja leo asubuhi.

Nilikuwa nimejiandaa kuyatetea majani. Nilikuwa na hotuba nzima. Hakuihitaji. Aliinua turubai, akaingiza mkono ndani ya robota mpaka kiwiko, akautoa, akaunusa.

"Hizi ziko kavu vizuri. Nani alizikaza?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi na watu."

"Ehe. Sasa umeongea ukweli."

Nikavimba hata hivyo. Kisha tukapanda kule kwa msingi, akaanza kuukagua. Alizunguka. Akaniuliza kwa nini hapa. Nikampa hotuba ya pakavu, yote, na mikono ikisaidia.

"Umesema kitu ya maana," akasema. "Mvua inakauka haraka. Sasa niambie, hiyo maji inaenda wapi?"

"Inaenda chini, injinia."

"Chini wapi?"

"Chini tu. Kwa Mungu."

"Mungu ako juu, kijana."

Akaniomba kipande cha nondo. Akakisimamisha kando ya mtaro na kukisukuma kwa mkono, bila nyundo. Kiliingia kama kijiko kwenye uji. Kikaingia mpaka ngumi yake ikagusa udongo. Kisha akaniambia nilete maji, nikaleta mtungi, tukamwaga hapo kati ya mawe. Maji yalizunguka kidogo, yakatoa sauti kama ya mtu anayemaliza soda kwa mrija, yakaisha. Yote. Nilibaki na mtungi mkononi nikiangalia mahali yalipokuwa.

Akanieleza polepole, bila kunicheka. Udongo wetu huu mwepesi ni jivu la milima ya moto ya zamani. Chini yake ardhi ya Bonde la Ufa ina nyufa. Maji yakipata ufa huteremka na lile jivu kidogo kidogo, huku juu panabaki panapendeza, chini panabaki pango. Halafu inakuja mvua moja kubwa.

Na mimi nyufa nimeziona! Sote huku tumeziona, barabara ikikatika kama mkate, shamba la mtu likiwa mawili. Kuna moja hata niliingia ndani nikapiga picha nikiwa nimevaa miwani ya jua. Sikuwahi kufikiri kwamba kabla ya kufunguka, pale palikuwa tu mahali pazuri pakavu ambapo kijana fulani angependa kujenga.

"Nyumba yako ni nyepesi, hiyo ni nzuri," akasema. "Lakini ardhi ikishuka kidogo tu, plasta inapasuka. Plasta ikipasuka, maji inaingia. Mama analala ndani ya mbolea."

Tukatembea shamba lote na ile nondo. Iligoma sehemu moja tu, kando ya zizi. Aliisukuma, akaipiga kwa jiwe, ikakataa.

"Hapa."

"Injinia, hapa ndipo kwenye matope mabaya kuliko yote!"

"Matope ni maji imekataa kushuka. Tunaichimbia mtaro ipite kando, tunainua msingi juu. Hapa naweka jina yangu. Kule juu siweki."

Wakati huo mathe alikuwa jikoni. Nilimshika injinia mkono nikamwomba asimwambie bado.

"Nyumba ni ya nani?" akaniuliza.

Alikunywa chai yake, akaisifu, akaniambia nimpigie nikiamua, akaondoka.

Sasa hapa nitasema ukweli, kwa sababu mathe hasomi blogu. Yule wa kwanza, wa muhuri, alinitumia ujumbe mchana: bado nauhitaji? Niliandika "sawa". Kidole kilikaa juu ya kile kishale cha kutuma. Nani angejua? Ile ardhi imekaa tangu babu. Mvua inaweza kupita ndogo. Na ninaanzaje kuwaambia akina mama kwamba mawe yao yako mahali pabaya kwa sababu mwenye kujua kila kitu hakuuliza maji yanaenda wapi? Kuna Mama Njoki, ambaye mgongo ulimuuma wiki nzima baada ya kubeba lile jiwe lake kubwa, na bado anawaonyesha wageni kwa fahari: lile la pembeni ni langu.

Kisha nikamwona mathe ndani ya hiyo nyumba. Mwezi wa saba, joto, kifua kimetulia, amelala fofofo. Na chini ya kitanda chake ile sauti ya mrija.

Nikafuta "sawa". Nikafuta na namba.

Nilimkuta mathe anakamua. Nikamwambia yote, nimesimama nyuma ya ng'ombe ili asinione uso. Hakuacha kukamua.

"Kwa hivyo ule msingi umekufa."

"Umekufa, mathe."

"Na huyo mzee alikunywa chai yangu akijua?"

"Nilimwomba anyamaze."

"Ndiyo maana alikuwa ananiangalia kama mtu wa wodini!" Akacheka mpaka ng'ombe akasogea. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Kule juu hata sikupapenda. Kila mpita njia angejua nimepika nini. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa umefurahi."

Wiki zote hizo nikimjengea mtu nyumba, na sikuwa nimemuuliza anataka mlango uangalie wapi. Nikamuuliza. Anataka uangalie zizi.

"Akina mama nitawapikia tena," akasema. "Lakini siwaambii mimi. Jumapili baada ya ibada utasimama uwaambie mwenyewe. Si unapenda kuongea?"

Nimempigia Injinia Balwant. Nikamwambia kando ya zizi, achore. Swali lake la kwanza: "Umemwambia mama?" Nikasema nimemwambia. "Basi Jumatatu nakuja." Tumeelewana kwamba atakuja pia msingi ukiisha, na tena kabla ya kupaka udongo. Muhuri uliovaa viatu hauna kazi hizo.

Sasa niko hapa juu ya turubai nafanya mazoezi. "Akina mama, Bwana asifiwe. Mnakumbuka ile siku..." Nakwama hapo hapo kila mara. Mimi! Kukosa maneno!

Nimeenda nikaliangalia jiwe la Mama Njoki. Nimejaribu kulinyanyua kidogo, hakuna aliyeona, na sielewi yule mama alilipandishaje. Lakini kutoka pale hadi zizini ni mteremko, na kamba ya mathe ya kubebea mizigo inaning'inia pale kwa ukuta wa mabati. Nataka Jumapili nikisimama mbele yao, angalau lile liwe limeshashuka.

Jumapili bado iko mbali. Kesho ni ya kubeba.