Maneno Chini ya Picha

Kaka,

Sisi tupo. Paka amezaa juu ya gauni langu la kazini, na bomba la uani bado linavuja.

Rafiki yako mliyesoma naye alituletea kijitabu cha ile warsha ya matetemeko iliyokupatia kazi ya utafiti. Picha yetu imo, ukurasa mzima. Ni ile uliyompiga Mama ulipokuja na vipimo vyako, ukamwambia asimame kando ya ufa wa ukuta wa chumba chake na anyooshe mgongo. Maskini, alikwenda kubadilisha nguo kwanza, akidhani unataka kumbukumbu yake.

Ukuta ule ulianguka mwezi uliopita. Nilikupigia, ukasema uko kikaoni. Mama sasa analala jikoni.

Herufi ndogo hazioni tena, akaniuliza umeandika nini chini ya picha. Umeandika: “Ufa uliosababishwa na tetemeko. Mtu amesimama kando kuonyesha urefu wa ufa.” Mimi nikamsomea: “Mama yangu mzazi, nyumbani kwetu.”

Tangu hapo kijitabu hakimtoki mkononi. Siku ukikumbuka kumpigia simu, tafadhali usiniumbue.

Mdogo wako