Dokta Chinembiri na Mfupa wa Dande

Shuvai, uko wapi?? Nimelipiza kisasi leo, tena mbele ya wageni wa makumbusho!!

Si unakumbuka Dokta Chinembiri alivyoninyang'anya ule mfupa wa nyonga, akatangaza kauokota yeye?

Leo tulikuwa bondeni Dande. Nikaona kitu cheupe mchangani, nikakitambua ni nini, nikainama nikapiga kelele, "Jamani, mfupa!" Nilijua atakuja mbio. Akanipokonya. "Huu nimeuona toka asubuhi, binti."

Akaulamba. Si unajua kazi yetu ya kusaka mifupa ya kale, ukinata ulimini ni mfupa, usiponata ni jiwe tu?

ALIULAMBA, Shuvai! Mara mbili!

"Unanata! Huyu ni ndugu wa kale wa dinosaria, enzi mabara yote yakiwa nchi moja, Pangea!" Wageni wakapiga makofi.

Mzee Kaitano, anayetuongoza porini, akauliza kwa upole, "Dokta, mbona unaramba mavi ya fisi?"

Si fisi hutafuna mifupa, mavi yake yakikauka huwa meupe na hunata vilevile! Dokta akatema mate, akatema tena. Halafu akanigeukia, macho yamemtoka: "Nani kaokota uchafu huu?"

Nikamjibu, "Ni wewe, Dokta. Umeuona toka asubuhi."