Nyuma ya Kopo

Portland, 3 Februari

Baba,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na theluji hii? Huku tu wazima.

Daktari wako kanipigia. Figo zimezidi kuchoka, Baba, na chumvi ndiyo inazimaliza. Krismasi nilifungua kabati lako: makopo ya supu toka juu mpaka chini, kama ghala la jeshi. Tangu Mama afe ndicho chakula chako?

Ukienda dukani geuza kopo, soma nyuma vilivyomo. Vikizidi vidole vya mkono mmoja, rudisha. Ukikuta kitu ambacho Mama hakuwa nacho jikoni, rudisha.

Niandikie umenunua nini.

Binti yako,
Lisette

Madawaska, 19 Februari

Lisette,

Marahaba. Magoti mabovu, mengine salama.

Mkono upi? Wa kushoto msumeno wa kiwandani ulikula vidole viwili. Nilihesabu kwa huohuo, wa kulia umeshika kopo. Vitatu havitoshi hata mkate. Yvon mwenye duka akaniuliza, "Réal, unanunua au unasali?" Nikamwambia funga mdomo, nasoma.

Usijali. Nimepata supu imeandikwa kubwa mbele: CHUMVI KIDOGO. Nimebeba makopo kumi na mawili. Tamu kuliko ya mama yako. Yake ilikuwa maji matupu, Mungu amrehemu. Alikuwa akigeuka tu, naimwagia chumvi.

Baba

Portland, 25 Februari

Baba,

Shikamoo. Mbele ya kopo anaongea muuzaji! Kidogo kuliko nini? Geuza. Ninakilie ya nyuma, neno kwa neno.

Binti yako

Portland, 20 Machi

Baba,

Shikamoo. U mzima kweli? Simu hupokei. Yvon anasema hajakuona wiki mbili. Umeninunia? Andika hata mstari mmoja.

Lisette wako

Madawaska, 6 Aprili

Lisette,

Marahaba. Nilikuwa hospitali, siku kumi na moja. Kabla ya hapo miguu ilivimba, viatu vikakataa, sikutoka ndani. Niliwakataza wasikupigie.

Nyuma ya kopo sikusoma. Barua zako nazisoma polepole, lakini zile herufi kama sisimizi, maneno marefu kama treni. Miaka arobaini mama yako alisoma, mimi nikabeba mfuko. Nilikuonea aibu.

Jana nilisafisha friza. Chini kabisa kuna bakuli la supu yake ya njegere. La mwisho. Juu kabandika karatasi kama kawaida yake. Mwandiko wake mkubwa, nauweza:

"Njegere kavu, maji, kitunguu, karoti. Lisette, chumvi sitii tena, figo za baba yako. Usimwambie, atanuna."

Kakuandikia wewe. Alijua mimi karatasi zake sisomi.

Kumbe muda wote ule alikuwa ananitunza, nami namwaga chumvi juu.

Karatasi iko mfukoni. Leo nimekwenda nayo kwa Yvon. Kisichofanana nayo nimerudisha. Nimetoka na njegere, kitunguu na karoti. Kupika sijui.

Bakuli sijalifungua. Njoo tule. Chumvi ya nyumbani nimempa Yvon, amwage barabarani iyeyushe barafu.

Baba