Jibu Nililompa Muuza Bastola

Shangazi Spés,

Shikamoo. Huku Louisville nimemaliza shule.

Jana nilimsindikiza baba kununua bastola ili nimtafsirie. Alibeba barua ya mchungaji, kama mlivyofanya kwenye kambi ya wakimbizi kwa kila kibali. Muuzaji alicheka kwa upole, akasema huku Marekani barua haihitajiki, akatukaribisha kahawa.

“Mwambie sisi ni watu wa amani,” baba alisema.

Kisha muuzaji akaniuliza mimi, “Baba yako ana huzuni kubwa?” Baba alikuwa ananitazama. Ningemwaibishaje mbele ya mgeni? Nikajibu hapana, naye akatuuzia.

Shangazi, tangu mama afariki baba hali chakula vizuri, na sasa anagawa nguo zake mwenyewe. Njoo upesi kutoka Columbus. Wewe ni dada yake mkubwa. Ukimwambia akupe hiyo bastola, atakupa.

Binti yako,
Florida