Mwaitu, Wale Paka Hawakudungwa Sindano

Leicester, Uingereza
Jumapili, baada ya kanisa

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyomtuma nayo mwalimu ilifika, ama bado iko kwenye mkoba wake? Na mvua je, imenyesha Masii, au mnaangalia tu mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi ni mzima. Kikohozi kimeisha na nimezoea kuvaa soksi mbili mbili.

Wambui, wewe ndiye unayemsomea Mwaitu barua hii, na ni kwa ajili yako naandika Kiswahili, maana najua ukisoma Kikamba bado unajikwaa. Nakuomba, mke wa ndugu yangu, soma polepole na usiruke mahali, hata pakiwa pa aibu. Aibu ni yangu mimi.

Mwaitu, barua yako ilinifikia Jumanne. Sitaki ungoje mpaka mwisho ndipo ujue, kwa hivyo nasema sasa hivi: wale paka wangu hawakudungwa sindano. Wako hai wote wawili, Karani na Sista. Wanakula, wanalala, wamenenepa kuliko mimi. Hukuua kitu. Wambui, rudia hapo tena.

Najua sasa unauliza, kwani huyu mtoto aliniambia nini? Ngoja nieleze tangu mwanzo, kwa sababu mwaka mzima na zaidi nimekuacha ubebe mzigo ambao haukuwa wako.

Unakumbuka viza ilipotoka nilikuwa nimebaki na wiki tatu tu. Nyumba ile ya kupanga pale Machakos mjini nilikuwa nimeshatoa notisi, kitanda nimempa ndugu yangu Kioko, sufuria nimezigawa. Kila kitu kilipata mwenyewe isipokuwa hao wawili. Wewe uliwaona mara moja, ulipokuja kupimwa macho, ukawafukuza kwenye kiti. Karani ni yule wa kijivu. Nilimwita hivyo kwa sababu kila nikifungua vitabu vyangu vya unesi alikuja kukalia karatasi kama mtu wa ofisi. Sista ni yule mweusi mwenye alama nyeupe kichwani, kama kofia ya nesi mkuu. Niliwaokota wakiwa wadogo nyuma ya jiko la hospitali, mwaka ule uchumba wangu ulipovunjika. Sikuwahi kukuambia ni siku ngapi nilirudi kutoka shifti na hao ndio waliokuwa watu wa nyumbani kwangu.

Niliuliza kila mtu. Mwenzangu mmoja wa wodini alimtaka Sista peke yake, akasema yule wa kijivu anamtazama vibaya. Mwenye nyumba aliniambia niwaache tu uani, ati paka halali njaa. Lakini nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akimwagia paka wa jirani maji ya moto. Ndipo nikakupigia simu pale dukani, nikakuomba uwachukue.

Ulisema, "Mutheu, mimi niko na kuku wenye vifaranga. Paka wa mjini atajua panya ni nini? Atanimalizia vifaranga."

Nikakuambia nitanunua waya tuwazungushie vifaranga.

Hapo ukakasirika. "Mungu amekufungulia mlango, na wewe umesimama kizingitini unabembeleza paka! Wapeleke kwa daktari wa mifugo awadunge sindano walale. Ni kazi ya dakika tano."

Nilienda, Mwaitu. Hiyo sehemu ni kweli. Siku ya pili yake niliwaweka kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, nikatoboa matundu kwa kalamu, nikaifunga kwa kamba ya katani. Sista alilia njia nzima. Karani alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulinisumbua zaidi. Kwenye benchi pale ofisi ya mifugo nilikaa karibu na mzee mmoja aliyeleta beberu mwenye jipu shavuni. Akaniuliza paka wangu wanaumwa nini. Nilijifanya natafuta kitambaa kwenye mkoba.

Daktari alikuwa mtu mzima, mpole. Alifungua katoni, akawashika mmoja mmoja, akawatazama meno na masikio.

"Hawa wazima kabisa," akasema. "Wana shida gani?"

"Naenda Uingereza, daktari."

"Na wao?"

Nikamwuliza kama ninaweza kwenda nao. Akanieleza vizuri, hakunicheka. Huko wanaogopa sana kichaa cha mbwa, na mnyama yeyote anayetoka kwetu anafungiwa kizimbani miezi sita kwanza, hata awe na vyeti gani. Wengine hutoka huko wamekonda na hawamjui mwenyewe. Na gharama za kuwatunza humo ni zangu, mimi ambaye hata koti la baridi nilikuwa nimeazima.

"Basi wadunge," nikasema. Nilisema haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu.

Akatoa fomu. "Nitawadunga ukitaka, ni wako. Jaza hapa kwanza."

Nikaandika jina langu. Nikaandika paka wawili, mmoja dume, mmoja jike. Halafu nikafika mahali palipoandikwa Sababu. Mwaitu, nimejaza fomu nyingi katika kazi hii. Nimeandika sababu za vifo vya watu ambao niliwaosha kwa mikono yangu, na kalamu haikusimama. Siku ile ilisimama. Niliandika, "Mwenyewe anasafiri." Nikayasoma yale maneno mawili. Yalikuwa madogo sana. Nikamwuliza daktari kama naweza kuondoka.

"Nani amekushika?" akasema, na akanisaidia kufunga katoni. Nadhani alifurahi.

Sikuwa na pa kwenda. Nilitembea tu na katoni kichwani mpaka ile barabara ya karibu na msikiti, na nikapita mbele ya baraza ya Bi Zuhura. Huyu humjui. Ni fundi wa cherehani, mama mjane, ndiye aliyenishonea yunifomu tangu nilipoanza kazi. Watu wake walitoka pwani zamani, lakini yeye amezaliwa hapo hapo Machakos na Kikamba chake kinamshinda Wambui (samahani, Wambui). Aliponiona akasimamisha cherehani.

"Muuguzi, umebeba nini kinacholia?"

Nikatua katoni, nikakaa kwenye ngazi yake, nikalia mbele ya wateja wawili. Nilimweleza yote. Alimtoa Sista akamweka mapajani, juu ya sketi ya shule ya mtu.

"Nitawachukua," akasema. "Wote wawili, usiniachie mmoja. Panya wananilia vitambaa."

Nikaanza kumshukuru. Nikamwambia nitakuwa nikituma chochote cha chakula chao, na nikipata nyumba huko, labda baada ya mwaka, nitafanya mipango niwachukue. Akainua mkono kunizuia.

"Hapana, mwanangu. Sikuwekei amana. Ukiniachia, uniachie kweli. Mnyama hajui kungoja. Na wewe ukienda huko na nusu ya moyo imebaki kwenye baraza yangu, utafanya kazi na nini?"

Hilo lilikuwa gumu kuliko fomu. Nilikuwa nimejiandaa kuwapoteza au kuwa nao, sikuwa nimejiandaa kuwapa mtu. Nilikaa pale mpaka alipomaliza kushona pindo lote la gauni. Halafu nikasema, "Ni wako." Akaniambia niende bila kugeuka, na niligeuka mara moja tu. Karani alikuwa ameshapanda kwenye meza ya kukatia nguo, amekalia kipande cha kitambaa cha mtu.

Jioni hiyo nilikupigia simu. Wewe ukauliza, "Yale mambo ya paka umemaliza?"

Nikasema, "Nimemaliza."

"Kwa daktari?"

"Nimetoka kwa daktari."

Maneno yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili yalikuwa uongo. Ningeweza kukueleza hapo hapo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini wewe ukasema, "Vizuri. Sasa funga sanduku," na nikasikia hasira ikinipanda mpaka shingoni. Nikasema moyoni, basi mwache aamini wamekufa. Ajue amenifanyia nini. Nilikuja Masii kwa maombi ya kuniaga, ukachinja jogoo yule mkubwa, nikala paja moja bila kukutazama machoni. Nikapanda ndege na hasira hiyo, nikafika nayo huku, nikaitunza kama mtu anavyotunza moto kwenye majivu. Ndiyo maana nilipokuwa nikipiga simu nilikuuliza mambo ya mahindi na hali ya hewa, nikakata.

Sasa nikueleze kitu cha huku. Nyumba hii ya kutunza wazee ninapofanya kazi iko na bibi mmoja ambaye kila asubuhi nikimfungulia pazia ananiuliza, "Nani amempa paka wangu chakula?" Wenzangu walinifundisha nimjibu, "Ameshakula, bibi." Nilimjibu hivyo miezi mingi. Mwezi jana mwanawe alikuja kumtembelea, nikamwuliza kando, huyo paka alienda wapi. Akashangaa. Akasema yuko kwa jirani, mzima, ila hakujua kama mama bado anamfikiria. Nikamwambia, "Ingia umwambie. Mtajie na jina la jirani." Akaingia. Yule bibi alisikiliza mpaka mwisho, akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Alipofumbua akauliza kama kuna chai. Tangu siku hiyo hajauliza tena habari za paka.

Nikakuwaza wewe. Lakini nikajiambia, Mwaitu ni mtu wa shamba, ameshasahau. Halafu Jumanne ikaja barua yako, kwa mwandiko wa Wambui. Niliifungulia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ulisema panya wameingia ghalani na kila ukiwasikia unajiambia haya ni malipo. Ukasema, "Nilikuambia uue kitu ulichokipenda. Nilisema kwa mdomo mwepesi, sikujua kama ungetii. Tangu hapo sauti yako kwenye simu ni ya mgeni." Nilikaa kwenye benchi na kiatu kimoja mguuni, na msimamizi akaja kuniita mara mbili.

Siku hiyo hiyo nilimpigia Bi Zuhura. Sikuwa nimempigia tangu nilipokuja, kwa kuheshimu maneno yake. Alicheka sana. Akaniambia Karani alitoroka wiki ya kwanza, akapotea siku tisa, akarudi na sikio limepasuka, na tangu hapo havuki barabara. Sista amezaa mara mbili. Binti wa Bi Zuhura, anayefanya kazi kwenye saiba, duka la intaneti, alinitumia picha kwa kompyuta. Karani amelala juu ya rundo la suruali za shule, na Bi Zuhura anasema kila mteja analazimika kukung'uta manyoya. Niliitazama picha ile kwa muda mrefu nikingoja moyo uume. Haukuuma. Hata wakiniambia leo naweza kuwaleta, Mwaitu, singewatoa pale. Wana kwao.

Panya wako hawakutumwa na mtu. Ghala lile paa lake lilianza kuoza baba akiwa hai. Mwambie Kioko anunue mapipa mawili ya bati yenye vifuniko, nitasaidia. Na sikuombi uchukue paka. Najua vifaranga vyako.

Kuna jambo moja zaidi. Alhamisi nilimpigia Kioko kumwuliza unaendeleaje, tukazungumza mengi, na akaniambia kitu alichodhani nilikijua siku zote. Alisema siku niliyosafiri ulitoa kiti nje baada ya chakula cha mchana, ukakaa unaangalia juu. Kila ndege ikipita ulisimama ukaipungia mkono, hata zile zilizokuwa zinaingia Nairobi. Kioko akakuambia, "Mama, hiyo inakuja, haiendi. Na yake ni ya usiku." Ukamjibu, "Wewe unajuaje? Nyamaza asije akanipita."

Mimi nilikuwa nimekaa uwanja wa ndege muda huo wote nikifikiri mama yangu ana moyo wa jiwe.

Nisamehe, Mwaitu. Mimi nimeshakusamehe, ingawa sasa naona hapakuwa na kitu cha kusamehe.

Nisalimie Susu, nyanya yetu, na mpeleke taratibu nje aote jua. Nisalimie Kioko na watoto wake wote, na yule mdogo niliyemwacha hajaota meno. Mchungaji mwambie niliimba kwaya hapa Jumapili iliyopita. Shangazi wa Katangi akija, mwambie kanga nitamtumia na mtu anayerudi. Wambui, asante kwa sauti yako. Sasa mpe Mwaitu barua aishike mwenyewe.

Binti yako akupendaye,
Mutheu