Siku Uliyomsemea Marehemu wa Mollo

Kwako baba yangu,

Huku Sumbawanga baridi ya Juni imeanza kuuma. Leo nimekukumbuka ukinawa uso kwa maji ya moto kwenye karai huku ukiimba wimbo wa kanisani, kwa ile sauti yako isiyopatana na kwaya yoyote. Nikacheka peke yangu. Kisha nikaikumbuka Mollo, kijijini kwa bibi.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikaanza kumwagwa sokoni. Wewe ulikuwa daktari wa serikali, na mahakama ilikuita kueleza watu wamekufaje. Ukanunua koti la mitumba la kuvaa mbele ya jaji. Mikono ilikufika vidoleni. Mama alipoipunguza, mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake. Ulilivaa hivyo hivyo. "Jaji atanisikiliza, hatanipima," ulisema.

Ndipo alipofariki Mzee Kauzeni, jirani yake bibi kule Mollo, mtu aliyekufundisha kushika plau ulipokuwa mdogo. Ng'ombe wa Masanja, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, walikuwa wameingia kwenye mahindi yake, mzee na Masanja wakagombana hadi watu wakasikia. Asubuhi yake mzee akakutwa shambani amekufa, damu imemtoka mdomoni. Ndugu zake wawili wakaapa kwamba walimwona Masanja akimpiga rungu. Wewe ndiye uliyeuchunguza mwili.

Kabla ya kesi bibi alikuja nyumbani, hata chai hakugusa.

"Mwanangu, Kauzeni ni wetu. Yule ni mtu wa kuja."

"Ni wetu, mama. Ndiyo maana siwezi kumsingizia kifo ambacho hakufa."

Mahakamani nilikaa nyuma na mama. Wakili wa serikali akakuuliza damu ile ilitoka wapi.

"Tumboni. Alikuwa na kidonda cha muda mrefu, kikatoboa mshipa."

"Hakupigwa?"

"Sikuona alama ya kipigo hata moja. Ningeiona, ningeisema."

Masanja alipoachiwa alijifunika uso kwa shuka, akalia. Nje, hakuna mtu wa Mollo aliyetusalimu.

Hata hivyo, kila Jumapili baada ya misa ulinipakia kwenye baiskeli, tukaenda. Uliwaamkia wazee, "Shikamoo," wakaangalia pembeni. Bibi alitupakulia ugali wa ulezi bila neno. Siku moja nikakuuliza kwa nini tunaendelea kuja. Ukanijibu, "Tusipokuja huku, twende wapi? Ni kwetu."

Mavuno yalipita, yakaja mengine. Jioni moja mjane wa Kauzeni akabisha hodi kwetu, amemshika mkono mwanawe aliyejikunja kwa maumivu.

"Daktari, ulisema tumbo ndilo lililomuua baba yake. Mwangalie na huyu."

Ulimlaza kwenye kochi letu, ukamchunguza, kisha ukampeleka hospitali mwenyewe. Akapona. Jumapili iliyofuata bibi alikuuliza, kwa mara ya kwanza tangu kesi, kama umeshiba.

Kijana yule sasa ana wajukuu. Siku tuliyokuzika alikuwa wa kwanza kushika koleo, na wazee wa Mollo wakajipanga nyuma yake.

Baba, nilipokuona kizimbani na koti lile, nilitamani kusimama niwaambie wote kuwa yule ni baba yangu. Niliogopa macho ya watu. Siku hizi namwambia kila anayetaka kusikia, na asiyetaka pia.

Pumzika, baba. Huku kwetu unatajwa kwa wema.

Binti yako,
Odilia